Adamo Aliyeamia Ndege kwa Spika

Adamo ana umri wa miaka arobaini na mmoja, mke mmoja, binti mmoja, simu mbili, na jozi ya viatu vizito vyenye chuma puani ambavyo huvivaa hata akienda msikitini. Akifika mlangoni huvivua polepole, kimoja kimoja, na kuviweka pale ambapo kila aingiaye lazima avikwepe. Ukimkuta kijijini katika wiki yake ya mapumziko, ambayo yeye huiita folga, atakuambia kwamba yeye ni mtu wa kambi. Hatasema anafanya kazi gani huko kambini. Atasema "kule kwetu". Kule kwetu chakula kinaliwa kwa saa. Kule kwetu maji ni ya chupa. Huwezi kuamini kwamba anazungumzia ua wa wafanyakazi uliozungushiwa seng'enge upande wa Palma, ambako hata kitanda anacholalia hulaliwa na mwingine akiondoka, na kwamba kwake hasa ni hapa aliposimama, akiwatazama kuku wa mkewe kama mtu aliyetumwa kuja kuwakagua.

Wapo wengi kama yeye siku hizi, kuanzia Namoto hadi bandarini Mocímboa. Vita vilipotulia na watu wakarudi, kazi za mshahara zilikuwa huko mbali, na wanaume wakazifuata. Hakuna ubaya katika hilo. Mwenye njaa na aifuate kazi. Ubaya ni pale mtu anapoondoka nyumbani kisha akataka apewe heshima ya aliyepo na raha ya asiyekuwepo, vyote viwili kwa wakati mmoja. Adamo ameliweza hilo kuliko wote, au alidhani ameliweza, mpaka mwaka huu kwenye msimu wa ndege.

Alikuja kijijini kwa kuoa. Kwao ni karibu na mto Ruvuma, na kwa desturi yetu anayeoa ndiye anayehamia, kwa hiyo alihamia kwa kina Zuleica, katika kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Awasse kwenda Mocímboa. Nyuma ya kijiji liko bonde la Nankumbi, na bondeni humo mama yake Zuleica alikuwa na jaruba la mpunga alilolirithi kwa mama yake. Adamo wa siku zile alikuwa mtu wa kazi, lazima tuseme ukweli. Alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Akisimama dunguni na kupiga ukelele, watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanageuka. Mama mkwe wake alikuwa akijisifu kwamba amepata mkwe mwenye koo la ng'ombe.

Asiyelima mpunga huenda asijue ukelele huo ni wa nini. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo wanaoitwa kwelea hushuka kwa maelfu. Tangu alfajiri mpaka jua kuzama lazima mtu akae dunguni, yaani juu ya kile kijukwaa cha miti chenye paa la makuti, awafukuze kwa sauti, kwa kombeo na madonge ya udongo, na kwa kuvuta kamba ndefu zilizofungwa makopo. Kazi hiyo ndiyo kuamia. Huchukua wiki tano, wakati mwingine sita, na haina Ijumaa wala Jumapili. Wala si kazi ya mtu na shamba lake tu. Bonde likiwa na madungu ishirini, na moja tu likabaki tupu, ndege hulijua kabla ya siku tatu. Hula hapo, hupumzika hapo, na wakishiba hushambulia kwa jirani, wakijua kwamba wakifukuzwa, pa kurudia papo.

Mwaka watu waliporudi kutoka ukimbizini, bonde lilikuwa pori. Lilifyekwa kwa pamoja, na wa pwani na wa kutoka uwanda wa juu, Waislamu na Wakristo. Wakamchagua Bernardino, Mmakonde wa upande wa Mueda, awe mkuu wa bonde, kwa sababu yeye alilala huko wiki ya kwanza wakati wengine walikuwa bado wanashtuka wakisikia mlango. Wakakubaliana neno moja gumu: jaruba lisiloamiwa na mtu wa nyumba yake litapewa nyumba nyingine. Mtu wa nyumba, si kibarua. Vibarua walikwisha kujaribiwa zamani, na kibarua huamia pale anapoonekana tu.

Mama yake Zuleica hakurudi. Alifia ukimbizini, na katika vyote alivyokuwa navyo, lililobaki ni jaruba hilo. Nyumba ilikuwa imechomwa, minazi imekatwa, hata kinu kiliibiwa. Zuleica alifyeka kwa mikono yake miwili akiwa analia, na hakuna aliyemcheka.

Halafu Adamo akapata kazi kambini, na mambo yakabadilika.

Mwezi wa kwanza wa kazi alituma ujumbe wa sauti kwenye simu akiuliza hali. Mwezi wa tatu alikuwa anatuma amri. Zuleica alikuwa akiziweka kwa sauti ya juu, na majirani walikuwa wakizisikia pamoja naye: muhogo usianikwe mbele ya nyumba, watu wanapita. Yule mama muuza vitumbua asikae barazani kwangu. Mtoto asome Pemba kwa dada yangu, binti wa mtu wa kambi hawezi kusoma chini ya turubai. Basi Yasmin, mwenye miaka kumi na mitatu, akapelekwa Pemba, ambako anamwoshea shangazi yake vyombo na kusoma mchana akiwa amechoka. Nyumba ikabaki na mwanamke mmoja na televisheni yenye kioo kikubwa kuliko dirisha.

Amri iliyoleta balaa ilitoka mwaka huu, mpunga ulipokuwa umefika kiunoni. "Mama Yasmin," ilisema ile simu, "sitaki kusikia umekaa dunguni. Mke wangu hakai juu ya miti kama mjane asiye na mtu. Nitaleta dawa ya hao ndege."

Zuleica alitii. Wanawake wa bondeni wanasema alitii kwa hofu, lakini wanamfanyia upole. Alitii pia kwa sababu alikuwa amezoea. Alikuwa na tamthilia zake za Kibrazili saa za asubuhi, alikuwa na kucha ndefu, na neno mjane lilimwingia. Kaka yake Abacar, dalali wa samaki bandarini, ambaye kwa desturi ndiye wa kumsimamia dada yake, angeweza kumwambia kwamba jaruba la mama yao halilindwi kwa kucha. Lakini Abacar alikwisha kupewa simu ya zamani ya Adamo, na tangu hapo alikuwa hana neno.

Mwisho wa Machi Adamo akaja kwa folga yake akiwa na sanduku. Ndani yake mlikuwa na spika nyeusi, kioo cha kunasa jua, na fulana ya kazi ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa. Akaviweka uani na kumwita mkewe.

"Unaona hii coluna? Inajiwasha yenyewe ikipata jua. Kule kwetu kila kitu kinajiwasha."

"Na itawafanya nini ndege?" Zuleica aliuliza.

"Ndege wanaogopa nini bonde hili? Wanaogopa sauti yangu. Walikuwa wanaiogopa zamani, wataiogopa leo. Nitaiweka sauti yangu humu ndani, mimi niende kazini, sauti ibaki. Mfukuze huyo jogoo."

Jogoo akafukuzwa. Adamo akasimama katikati ya ua, akapanua miguu, akashika simu mbele ya mdomo na kupiga kelele ambazo zilimwamsha kila mtoto mchanga wa mtaa ule. "Hoooyaaa! Hoooyaaa! Tokeni, wezi nyie! Tokeni kwa watu!" Majirani walikusanyika penye ua. Alirudia mara nne, kwa sababu mara ya kwanza jogoo alirudi, mara ya pili alikohoa, na mara ya tatu mtu mmoja alicheka. Mara ya nne ilimridhisha. Akashusha pumzi na kumwambia mkewe, "Haya, imetosha. Leta chai."

Hakuwa amezima kinasa sauti.

Mtu makini angeisikiliza kazi yake kabla ya kuipeleka bondeni. Adamo hakuisikiliza. Alikwenda nayo asubuhi akisindikizwa na watu, akaifunga spika juu ya dungu la mama mkwe wake, akakiegemeza kioo cha jua kwenye paa, na fulana akaivika mti uliochomekwa katikati ya mpunga. Alipiga picha sita. Kisha akaondoka zake na gari la saa tano, siku mbili kabla ya folga yake kwisha, kwa sababu hapa nyumbani, alisema, mtandao ni mbovu.

Siku tatu za kwanza ndege walikimbia. Wapo waliosema Adamo ana akili. Wapo waliouliza spika kama ile inapatikana wapi, na hao ndio wenye kusikitisha zaidi, maana walikuwa na mikono na makoo yao wenyewe.

Siku ya nne, kwelea mmoja alitua juu ya bega la ile fulana. Siku ya tano walitua juu ya spika yenyewe. Ndege si mjinga kama Adamo alivyodhani. Anachokiogopa ni mkono utakaorusha donge baada ya ukelele, na mkono haukuwepo. Tena ndege hula alfajiri, wakati umande haujakauka, na ile spika ilikuwa haiamki mpaka jua lipande, kama saa mbili. Ilipoamka ilikuta wageni wamekwisha kufungua kinywa. Siku za mawingu ilikuwa inavuta maneno kama mlevi. Na kila baada ya dakika mbili, kutwa nzima, bonde lote lilikuwa likisikia: "Tokeni, wezi nyie! Tokeni kwa watu! Haya, imetosha. Leta chai."

Jaruba linalopakana na la Zuleica ni la Bi Mwanahamisi, mjane wa miaka sitini na kitu, mdogo wa umbo na mkali wa maneno. Yeye alikuwa akiamia peke yake, na mara ya kwanza alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu. Wiki ya pili hakucheka. Ndege walikuwa wakishiba kwa Zuleica na kuvuka kwake. Akitupa donge, wanarudi kwa spika. Akikaa, wanavuka tena. Akapanda kijijini jioni moja, matope magotini, na kumkuta Zuleica amekaa mbele ya televisheni.

"Weye Zuleica," alisema akiwa bado mlangoni, "mumeo ananiagiza chai tangu asubuhi. Nimpelekee wapi, kambini?"

"Karibu ndani, mama."

"Siingii, nitachafua sakafu ya mtu wa kambi. Tangu mpunga utoe maziwa, umeshuka bondeni mara ngapi?"

Zuleica alipunguza sauti ya televisheni.

"Hata mara moja. Mama yako alikuzalia dunguni pale pale, unajua? Uchungu ulimshika akiwa na kombeo mkononi. Na wewe umemwekea pale redio." Akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. "Mimi nimekwenda kwa Bernardino. Nisingependa usikie kwa watu."

Bernardino hakuwa na haraka. Alishuka mwenyewe, akalitazama jaruba, akavunja masuke matano sita, akayabinya na kukuta maganda. Akaja kwa Zuleica na kumwambia mbele ya watu wawili: kufikia Ijumaa hii, kukicha, mtu wa nyumba hii awe dunguni, na akae mpaka mavuno. Asipokuwepo, jaruba litakwenda kwa nyumba nyingine, na wa kwanza kupewa ni Bi Mwanahamisi, kwa hasara aliyoipata.

Usiku ule Zuleica hakufungua televisheni. Alimpigia mumewe, naye hakupokea. Baadaye ikaja sauti: "Usishuke. Usinidhalilishe. Nakuja Alhamisi, folga yangu imefika, nitazungumza nao hao watu."

Hapo ndipo mwanamke huyo anapostahili lawama kuliko pote. Ilikuwa Jumanne. Alijua kwamba kila asubuhi inayopita ni sehemu ya jaruba la mama yake inayoingia matumboni mwa ndege. Hata hivyo Jumatano alikaa. Alhamisi alikaa, akampikia wali wa nazi mwanamume aliyekuwa njiani.

Adamo alifika alasiri na kwenda moja kwa moja bondeni na viatu vyake vya chuma. Watu walikuwa wamekaa chini ya dungu la Bernardino wakinoa miundu. Abacar naye alikuja, akakaa nyuma. Adamo hakukaa.

"Chefe," alimwambia Bernardino, "nimeelezwa kuna tatizo la kiufundi."

"Karibu, mano Adamo, ndugu yangu. Tatizo ni la ndege."

"Ile coluna ni ndogo, nakubali. Nitaleta kubwa, na bateria yake. Itaanza alfajiri. Na ile sehemu ya mwisho nitaikata."

"Ya chai?" aliuliza Bi Mwanahamisi. "Iache, tumeizoea. Tunajua saa."

Watu wakacheka. Adamo akamtazama kama mtu anayemtazama kuku barabarani.

"Au kama mnataka mtu," akasema, "nitaweka mtu. Nitamlipa. Mimi nina uwezo huo."

"Hatutaki mtu wa kulipwa," Bernardino alisema bila kuacha kunoa. "Tulikubaliana, na wewe ulikuwepo. Una siku saba. Kaa wewe dunguni siku saba, mkeo akae zilizobaki. Jaruba ni lenu, hakuna atakayeligusa."

"Mimi nikae dunguni? Mimi ni mfanyakazi, chefe. Nimekuja kupumzika."

"Kazi gani?" aliuliza Bi Mwanahamisi.

"Kazi ya kambi."

"Kazi ya kambi ni nyingi. Wapo wanaopika, wapo wanaofyeka. Wewe unafanya ipi?"

Adamo akasema maneno mawili matatu ya Kireno yaliyohusu usalama na barabara. Bernardino akaupumzisha mundu magotini. Hakuwa amekusudia kulisema, lakini alikuwa ameulizwa kwa macho na kila mtu.

"Mwezi wa pili nilipeleka muhogo Palma na lori," alisema. "Tulisimamishwa barabarani, mashine zilikuwa zinapita. Aliyetusimamisha alikuwa mano Adamo. Ameshika kile kibao, upande mmoja chekundu, upande mmoja kijani. Nilimpungia mkono. Nadhani jua lilikuwa machoni, hakuniona."

Kushika kibao si aibu. Mtu anayesimama juani kwa muda wa saa kumi ili magari yasigongane anafanya kazi ya haki, na mshahara wake ni halali. Lakini mtu huyo huyo akiwa kwao anasema kusimama juani ni kazi ya wajane. Kwa wageni husimama kutwa. Kwenye jaruba la mama mkwe wake, aliyemlisha miaka kumi, anatuma spika. Bi Mwanahamisi alilisema kwa ufupi zaidi.

"Kwa hiyo malori yanakutii," alisema. "Hawa ndege wa ukubwa wa kidole gumba ndio wamekushinda."

Hata Abacar alicheka, simu ya shemeji yake ikiwa mfukoni. Adamo akasema atakuwepo asubuhi, waone. Bernardino akapanda dunguni kwa Zuleica na kuizima spika.

Ijumaa alfajiri Adamo alikuwepo, hilo hatumnyimi. Alipanda dungu kabla ya jua na viatu vyake, akavunja ufito mmoja wa sakafu. Alipiga ukelele mara mbili, na zamani ile ikasikika humo ndani kidogo. Ndege wakaruka. Akarusha donge moja, likaanguka katika mpunga wake mwenyewe. Kisha akatoa simu. Hakuna mtandao bondeni, kila mtu anajua. Akaiinua juu, akaielekeza huku na huku, na kabla ya saa moja alikuwa ameshuka na kupanda mlima wa barabarani ambako mtandao unapatikana. Aliwaambia waliomwona kwamba anakwenda dakika tano. Alikaa huko juu ya jiwe akituma sauti kwa wenzake wa kambini, akiwaeleza jinsi watu wa kijijini walivyo wagumu wa kuelimika.

Zuleica alishuka saa nne na chakula cha mumewe kwenye kikapu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona jaruba tangu masuke yatoke. Dungu lilikuwa tupu. Nusu ya juu ya jaruba ilisimama wima, na mpunga unaosimama wima wakati wa kuinama ni mpunga usio na kitu. Nusu ya chini, iliyopandwa kwa kuchelewa, bado ilikuwa na maziwa, na ndege walikuwa juu yake wengi hata mashina yalikuwa yanalala.

Aliweka kikapu chini. Akapanda. Alitafuta kombeo la msimu uliopita, ngozi ilikwisha kukatika, akashuka tena, akaing'oa ile fulana ya chungwa kwenye mti wake, akararua ukanda na kuufunga mahali pa ngozi. Kucha mbili zilivunjika kwenye donge la kwanza. Ukelele wake wa kwanza ulitoka mwembamba, na Bi Mwanahamisi, kutoka kwake, akaupokea kwa ukelele wake bila kumtazama.

Adamo alirudi karibu na adhuhuri.

"Shuka," alisema.

"Chakula kiko kwenye kikapu."

"Nimesema shuka, mama Yasmin. Watu wanakutazama."

"Nawaona. Hoooyaaa!" Donge likapita juu ya kofia yake na kuangukia ndege. "Sogea, unakaa njiani."

"Ukibaki juu hapo, hesabu huna mume."

"Mume aliyekuwa ananiamia, jana Bernardino kamzima. Sijui unamsema yupi."

Kicheko kilitoka kwenye madungu matatu. Adamo akashusha sauti. "Zuleica. Naweza kutamka neno sasa hivi."

"Basi litamke ukiwa umesimama hapo, nikuone," alisema mkewe. "Usinitumie kwa simu."

Hakulitamka. Watu wa namna ile hawana ujasiri hata wa ubaya. Alichukua kikapu, akaenda kula kivulini, na kesho yake akapanda gari kurudi kambini, siku tano kabla ya wakati. Kwa dada yake Pemba alituma sauti kwamba mkewe amerogwa na wazee wa bondeni.

Jioni ile ya Ijumaa Bernardino na watu wanne walikuja kuamua. Neno lilikuwa neno: kukicha mtu wa nyumba alikuwepo, ila hakukaa, na aliyekaa alikuja saa nne. Bi Mwanahamisi ndiye aliyekuwa na haki ya kudai. Alilitazama jaruba, akamtazama Zuleica aliyekuwa bado juu, sauti imekauka.

"Nipeni nusu ya juu," alisema, "kwa misimu miwili. Nusu ya chini ni yake, akiamia. Siku moja asipokuwepo, nachukua yote. Na simpi nafasi kwa ajili yake. Nampa kwa ajili ya mama yake."

Zuleica alikubali kutoka juu, kwa kichwa. Nusu ya jaruba la mama yake ilikuwa imekwenda, na aliyeipoteza ni yeye pamoja na mumewe, kila mmoja kwa kipimo chake. Ila yeye alilijua hilo. Tangu siku ile alihamisha sufuria na mkeka, akapika chini ya dungu, nyumba ikafungwa kwa kufuli. Akatuma mtu Pemba kwamba shule ikifunga, Yasmin aje bondeni.

Mwisho wa Mei Adamo akaja tena kwa folga, akakuta kufuli. Alizunguka nyumba mara mbili, akauliza, akaelekezwa, akashuka bondeni na begi lake lenye magurudumu akiliburuta kwenye matope. Mpunga wa chini ulikuwa umeanza kugeuka rangi, zimebaki siku chache.

"Naomba ufunguo," alisema.

"Uko kiunoni kwangu," Zuleica alimjibu kutoka juu. "Nitashuka ndege wakienda kulala."

"Saa tisa hii! Nikae wapi mpaka jioni?"

"Kuna nafasi huku juu. Na madonge yapo."

Adamo alilitazama dungu, akaitazama ngazi yenye matope, akavitazama viatu vyake. Akalilaza begi pembeni mwa njia na kukaa juu yake. Alikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Mkewe alipogeukia upande wa pili kupiga ukelele, kundi dogo la kwelea lilishuka kwenye mpunga hatua nne kutoka alipoketi, karibu hata alikuwa akisikia wanavyomenya. Aliwatazama. Hakuinua mkono.